Habari za Ndugu Zetu Waliokufa Vitani, na Majina Yao

Ni desturi ya vitabu vya jubilei kutaja majina. Hutajwa maaskofu kwa zamu zao, na mapadre waliotoka ng'ambo wakafa kwa homa kabla hawajaijua vema lugha yetu, na walimu wa kwanza waliofundisha chini ya miembe. Ni haki watajwe. Lakini katika nchi yetu ya kusini wako wafu wengine, nao ni wengi kupita hao wote, ambao waandishi huwapita kwa neno moja tu, "wapagazi," kana kwamba mpagazi hakuzaliwa na mama. Sisi tumeonelea katika ukumbusho huu tuandike habari zao, yaani watu waliokufa katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hata 1918, hasa wale waliochukua mizigo, na jinsi majina yao yalivyopotea, na kwa nini yatupasa kuyatafuta hata leo.

Vita ile haikuanzishwa na mtu wa nchi hii. Wafalme wa Ulaya waligombana mwaka 1914, na kwa kuwa Wadachi, yaani Wajerumani, walitawala bara yetu, na Waingereza walitawala Unguja na Kenya na Nyasa, ugomvi wao ukavuka bahari. Mwezi wa Novemba mwaka ule Waingereza walishuka Tanga pamoja na askari wa Bara Hindi, wakashindwa, wakarudi merikebuni. Mwaka 1916 walikuja kwa nguvu nyingi zaidi wakiongozwa na Jemadari Smuts, wakaitwaa reli ya Tanga na mji wa Dar es Salaam. Nao Wabelgiji, pamoja na askari wa Kongo, wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Lakini von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wadachi, hakukubali kushindwa. Alipigana huku akirudi nyuma, akashuka kusini, na hivyo vita ikaja kwetu. Mapigano ya Mahiwa, katika nchi ya Lindi, yalianza tarehe 15 Oktoba 1917 yakadumu siku nne, na katika siku hizo Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000, waliouawa na walioumizwa pamoja, na wengi wao walikuwa askari Waafrika kutoka Nigeria na Afrika ya Mashariki. Mwezi uliofuata Lettow akavuka Ruvuma akaingia nchi ya Wareno. Hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, ambako leo huitwa Mbala katika nchi ya Zambia. Vita ya Ulaya ilikuwa imekwisha tangu tarehe 11. Wapagazi walikuwa wangali njiani na mizigo ya vita iliyokwisha.

Kijana wa leo, aliyezoea kuona malori, huenda akauliza: kwa nini watu wengi namna ile walihitajiwa kwa mizigo? Na afahamu kwanza jinsi nchi ilivyokuwa. Reli zilikuwa mbili tu, ya Tanga hata Moshi na ya Dar es Salaam hata Kigoma. Kusini mwa Rufiji hapakuwa na reli yo yote ya maana wala barabara ya magari iliyoweza kustahimili masika. Farasi na punda na ng'ombe waliletwa kwa maelfu wakafa kwa mbung'o. Basi kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu. Tena fikirini hesabu hii, ambayo mwalimu aweza kuiandika ubaoni. Mpagazi mmoja huchukua ratli 50 za unga. Naye mwenyewe lazima ale. Akila ratli mbili kila siku, mzigo wake wote humalizika kwa siku 25 kwa kinywa chake mwenyewe, kabla hajampa askari hata kijiko kimoja. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, askari hupata ratli kumi tu katika zile 50. Kwa hiyo kadiri jeshi lilivyosonga mbele, ndivyo walivyohitajiwa wapagazi wengine wa kuwachukulia chakula wapagazi. Mwaka 1917, wakati vita ilipokuwa kusini, wakuu wa Waingereza walipeleka amri kila upande kutafuta watu, na wale wasiotaka wakakamatwa. Kadhalika Wadachi walikuwa wamefanya hivyo tangu zamani, wala hawakuwa na muda wa kuandika.

Watu waliotumikia upande wa Waingereza kwa kazi hii, toka Kenya na Uganda na Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini na Unguja na bara yetu yenyewe, wanakadiriwa kuwa yapata milioni moja. Katika hao, hesabu za serikali zilikubali kwamba wapata 100,000 hivi walikufa, na wataalamu wa siku za baadaye waona kwamba walizidi. Wa upande wa Wadachi hapana awezaye kuwahesabu sawasawa. Katika hao wote, waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Waliua wengi kuhara damu, na kichomi, na homa, na njaa. Mtu aliyelelewa kwa ndizi alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, akaupika nusu kwa kukosa kuni kavu na muda, ukamkata tumbo. Mtu wa milimani alilala matopeni Rufiji bila blanketi la kutosha. Mwisho wa vita, ulipokuja ugonjwa ule wa mafua makuu wa mwaka 1918, uliwakuta hawana nguvu mwilini.

Jeshi hili la wachukuzi lilikuwa na jina la Kiingereza ambalo watu wetu walilitamka kwa namna yao, ndilo Kariakoo. Pale Dar es Salaam palipokuwa kambi yao, mtaa ukaitwa hivyo mpaka leo. Nairobi nako uko mtaa wa jina lile lile, ila wao husema Kariokor. Kila siku watu kwa maelfu hushuka Kariakoo kununua nguo na samaki na vitunguu, wakitaja jina la jeshi lile bila kujua. Ni ajabu kwamba jina la jeshi laishi vinywani mwa watu wote, na majina ya watu wa jeshi hayamo mahali po pote.

Sasa tuseme kidogo habari za Misheni katika vita ile, maana Wakristo hawakusimama kando. Kazi ya Misheni ya U.M.C.A. ilianzishwa Masasi mwaka 1876 na Askofu Steere pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na mpaka mwaka 1926, Masasi ilipopata askofu wake, ilikuwa chini ya Askofu wa Unguja. Basi vita ilipoanza, Misheni moja ilikatwa vipande viwili: askofu alikuwa Unguja chini ya Waingereza, na sehemu kubwa ya kundi lake ilikuwa bara chini ya Wadachi. Mapadre na walimu wa Kizungu walifungwa kama maadui. Lakini walioteswa zaidi ni mapadre na walimu Waafrika, walioshitakiwa kuwa marafiki wa Waingereza kwa sababu tu walisali kwa kitabu cha Waingereza. Walifungwa minyororo, wakapigwa, wakatumikishwa kazi ngumu, na wako waliokufa kabla ya kufunguliwa.

Askofu Frank Weston, alipoona mwaka 1916 ya kuwa serikali yataka wachukuzi Unguja, hakukaa nyumbani kuandika barua. Alikusanya wachukuzi yeye mwenyewe, akapewa cheo cha meja, akaenda nao barani kwa miguu. Baada ya hayo aliandika kitabu cha kuwashitaki Wadachi kwa jinsi walivyowatenda watu wetu, na Waingereza wakakifurahia sana. Lakini mwaka 1920 aliandika tena, safari hii juu ya Waingereza wenyewe waliotaka kuwalazimisha watu wa Kenya wawafanyie walowezi kazi, na furaha ile ikapungua. Twaona katika hili kwamba alikuwa mtu wa kipimo kimoja. Alikufa Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924, siku ambayo Kanisa huwaombea marehemu wote.

Vita ilipokwisha, Waingereza walijiwekea sheria nzuri. Tangu mwaka 1917 walikuwa na halmashauri ya makaburi ya vita, nayo iliazimu kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, juu ya kaburi au juu ya ukuta, na mawe yawe ya namna moja, asipambanuliwe jemadari na askari wa chini, wala mtu wa taifa hili na wa taifa lile, wala wa dini hii na wa dini ile. Ukienda Ufaransa utaona walivyoitimiza. Lakini huku kwetu sheria ile iliwekwa kando. Gavana wa kwanza wa Tanganyika, Sir Horace Byatt, alipoulizwa habari za makaburi makubwa ya wachukuzi huko Dar es Salaam na mahali pengine, alionelea afadhali yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo, wala hakupenda kuitazama hesabu ya waliokufa. Na wakubwa wengine wa siku zile walisema kwamba Mwafrika hana desturi ya kutunza kaburi, kwa hiyo jiwe lenye jina halitamfaa kitu.

Neno hili latupasa kulijibu, ingawa waliolisema wamekwisha kufa zamani. Nani asiye na desturi ya kukumbuka wafu? Kwa Wayao mtu alikuwa akiweka unga chini ya mti wa msolo na kuwataja wazee wake. Kwetu kusini mjomba akifa, mpwa hupewa jina lake, ili jina lisilale. Waislamu wa pwani husoma hitima. Matanga hukaliwa hata kwa mtu maskini asiye na kuku. Aliyekufa mbali na mwili usionekane, hufanyiwa kilio vile vile. Kama kuna watu duniani waliojua thamani ya jina la marehemu, ni hawa walioambiwa kwamba hawalihitaji. Tena jamaa za wapagazi hawakuulizwa. Mama wa mpagazi hakuletewa barua. Alikaa akingojea, na masika yakapita, na mengine, hata akajua mwenyewe.

Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Rispa binti Aya, katika Kitabu cha Pili cha Samweli, aliyekaa juu ya mwamba kwa gunia lake, akizuia ndege mchana na wanyama usiku wasiguse maiti za wanawe, mpaka habari ikamfikia mfalme Daudi naye akawazika. Mama zetu hawakuwa na mwamba wa kukalia, maana hawakujua ni njia gani mwana alikoanguka.

Mwaka 1927 sanamu ya shaba ya askari ilisimamishwa katikati ya Dar es Salaam, mahali ilipokuwa kwanza sanamu ya Wissmann, mtawala wa Wadachi, ambayo Waingereza waliiondoa. Wengi wameiona, askari ameshika bunduki yenye singe, na chini yake maandiko ya kuwasifu askari na wachukuzi kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili cha herufi za Kizungu na cha herufi za Kiarabu. Sanamu za Nairobi zilifunguliwa mwaka 1928, na mmoja wa watu wale watatu ni mpagazi. Ni kazi nzuri ya fundi, wala hatuidharau. Lakini waweza kuizunguka sanamu ya Dar es Salaam mara saba, usione jina la mtu hata mmoja.

Kwamba jambo hili liliwezekana, vita ya pili ni ushahidi. Tarehe 12 Februari 1944 merikebu Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceilon, ilizamishwa na Wajapani, wakafa watu zaidi ya 1,200 kwa muda wa dakika chache, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki. Bahari iliwameza, hawana kaburi. Lakini majina yao yamechorwa Nairobi katika makaburi ya vita, na mjukuu aweza kwenda akaweka kidole juu ya jina la babu yake. Wa mwaka 1944 hawana makaburi na wana majina. Wa mwaka 1917 walizikwa katika ardhi yetu wenyewe, nao hawana.

Mwezi wa Aprili 2021 halmashauri ile ile ya makaburi, ambayo sasa ni ya nchi za Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ya kuchunguza mambo yake ya zamani. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi. Yalikuwa yamepita miaka zaidi ya 100. Hata hivyo kazi imeanza. Mwezi wa Januari 2025 ukumbusho ulifunguliwa Cape Town wenye majina zaidi ya 1,700 ya wafanya kazi weusi wa Afrika ya Kusini waliokufa katika vita ile, kila jina juu ya nguzo yake ya mti. Basi majina yaweza kupatikana, mtu akitafuta.

Wengine watauliza, je, tuwaite mashujaa? Hapa yatupasa kusema kwa uangalifu. Askari waliojiandikisha, na wapagazi waliokwenda kwa hiari yao kutafuta mshahara, walikuwako. Lakini wengi walikamatwa usiku, au walitolewa na jumbe aliyeamriwa kutimiza idadi. Hawakutoa maisha yao kwa ajili ya Kaisari wa Berlin wala mfalme wa London. Maisha yao yalitwaliwa. Tukisimama kanisani na kusema kwamba walikufa kwa kuipenda dola fulani, tutakuwa tumewafanya wachukue mzigo mara ya pili. Na waheshimiwe kwa kweli: kwamba walichukuliwa, kwamba walitembea, kwamba waligawana unga kidogo na mwenzao mgonjwa au hawakugawana, kwamba walikufa njiani. Heshima haihitaji kutiwa sukari.

Wala tusiwatenge kwa bendera. Katika nyumba moja kaka aliweza kuchukua risasi za Wadachi, na mdogo wake unga wa Waingereza, wakafa wote wawili mwaka mmoja. Tena tusiwasahau wale ambao hawakuondoka nyumbani. Majeshi yote mawili yalikula mtama na mbuzi wa watu yalikopita, na vijana wa kulima hawakuwapo. Ugogo njaa ile iliitwa mtunya, na tangu mwaka 1917 hata 1920 iliua watu kwa maelfu mengi, wanawake na watoto. Hao nao ni wafu wa vita, hata kama hawakusikia mzinga.

Tangu uhuru nchi yetu imejifunza kuzika watu wake vema zaidi. Askari waliokufa katika vita ya Uganda ya miaka 1978 na 1979 wana makaburi yao Kaboya, na wale waliofia Msumbiji wana makaburi Naliendele, karibu na Mtwara, na kila tarehe 25 Julai serikali huwakumbuka mashujaa. Watu wa usharika ulio karibu na Naliendele waweza kuwapeleka watoto wa skuli huko, wayasome majina kwa sauti.

Lakini kwa wachukuzi kazi ni yetu, na twaiomba kila parokia iifanye kabla wajukuu wao, ambao nao ni wazee sasa, hawajafa. Mwalimu achukue kitabu cha ubatizo cha kabla ya mwaka 1914. Akiona kijana aliyebatizwa, wala haonekani tena katika kitabu cha ndoa, wala katika kitabu cha maziko, na aliandike jina lile pembeni, aende kuuliza katika ukoo wake. Huenda alihama tu, huenda akaambiwa, "Huyo alikwenda Kariakoo." Aandike jina la ubatizo na jina la nyumbani, jina la mama na ukoo, kijiji, na upande aliochukuliwa kama wajulikana. Kama halikubaki ila jina la utani, aandike hilo. Asiulize kama marehemu alikuwa Mkristo, au Mwislamu, au mtu wa mila; aliyekufa njiani aandikwe. Asibuni tarehe, pasipojulikana na aache wazi.

Daftari likae sakristia pamoja na vitabu vingine, lisifungiwe kabatini. Tarehe 2 Novemba litaletwa altareni, na majina yatasomwa yote, hata kama ni mengi na watu wamechoka kusimama. Na mzee asiyejua kuandika, mwenye jina moja tu analolikumbuka, na amwendee mwalimu jioni baada ya skuli, amtajie polepole, naye mwalimu amsomee tena alivyoliandika.